Mawili Mbele au Yote Manne

Februari iliyopita mpwa wangu alinipigia simu nifike kijiweni kwake nimsomee tairi. Ni fundi pancha hapa Kitangari, hatua chache tu kutoka stendi. Mtaji wake ni kivuli cha mwembe, kompresa ya petroli, beseni la maji ya kutafutia tundu, na rundo la matairi ambalo mbuzi wa jirani wamelifanya jukwaa lao. Mimi nilifundisha shule ya msingi miaka arobaini na mmoja, na adhabu ya kazi hiyo ni kwamba chochote chenye maandishi ya kigeni huletwa kwangu, kuanzia barua ya benki hadi chupa ya dawa ya kupulizia mikorosho.

Tairi lenyewe lilikuwa limevuliwa kwenye Probox iliyofika Newala majuzi kutoka Dar es Salaam, na huko Dar iliteremka melini ikitokea Japani. Ubavuni liliandikwa STUDLESS kwa herufi kubwa, na pembeni zilikuwapo tarakimu nne ndani ya kijidirisha: 3815. Tarakimu hizo mpwa wangu alizijua bila msaada wangu. Ni wiki ya 38 ya mwaka 2015. Alichotaka ni lile neno, na sababu ya kashata za tairi kuchanjwa vile. Nikavaa miwani nikainama. Kila kashata ilikuwa na mistari myembamba ya kujipindapinda, mingi, mmoja kando ya mwingine, kama chale za usoni mwa bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa enzi ambazo msichana hakuitwa mzuri mpaka achanjwe. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Mpira ukabonyea kama papai lililoanza kuiva.

"Hili ni tairi la barafu," nikamwambia. "Neno hilo maana yake halina misumari."

"Mjomba, tairi gani linakuwa na misumari isiyo ya pancha?"

Mwenye gari alikuwa amekaa kwenye benchi akinywa soda. Alikwisha kununua matairi mapya mawili na alitaka yafungwe mbele, kwa sababu Probox inavuta mbele. Nyuma, alisema, yabaki haya haya ya barafu mpaka yaishe yenyewe. Nyuma ni kufuata tu. Mpwa wangu hakuridhika lakini hakuwa na hoja ya kumjibu. Wote wawili wakanigeukia mimi, mtu ambaye hajawahi kuziba hata pancha ya baiskeli vizuri.

Jibu ninalo, ila lilinichukua miaka mingi na mkorosho mmoja kulipata. Na swali lenyewe ni la zamani hapa kwetu kuliko Probox. Uwanda huu wa Makonde umekuwa ukigombania mpira mzuri, nani apewe na gurudumu gani livae, tangu babu zetu walipokuwa hawajui kama kuna kitu kinaitwa gari.

Mpira wenyewe uliondoka hapa kabla gurudumu halijafika. Watoto wa siku hizi wakisikia mpira wanafikiria goli, lakini kwa wazee lilikuwa jina la mtambaazi wa porini wenye utomvu mweupe. Wataalamu wanauita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Kuanzia miaka ya 1870, soko la watumwa la Unguja lilipofungwa kwa mkataba wa 1873 na biashara ya watu ikaanza kubanwa, mpira wa vichaka vya Makonde ulipata bei pwani. Watu walichanja mitambaazi, wakakausha utomvu, wakauviringa kuwa madonge, wakayabeba kichwani hadi Lindi na Mikindani kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Kutoka hapo madonge yalikwenda Unguja, kisha Ulaya. Mwaka 1888, huko Belfast, John Boyd Dunlop alilifunga gurudumu la baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe kwa mpira uliojazwa upepo, na baada ya hapo dunia nzima ikawa na kiu ya mpira. Sidai kwamba tairi la kwanza la Dunlop lilikuwa na utomvu wa Newala ndani yake. Ninachosema ni kwamba tulikuwa wauzaji kabla hatujawa wanunuzi, na mitambaazi ilikatwa na kuchimbwa hadi mizizi bila mtu wa huku kuona ilikokwenda kutumika.

Huku sisi tulikwenda kwa miguu. Juu ya uwanda hapana mito. Mvua ikinyesha inazama mchangani, na maji hutokea chini kabisa, mabondeni na kwenye kingo. Mjerumani Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipiga kambi Newala mwaka 1906 na akashangaa kuona watu waliochagua kukaa mbali hivyo na maji. Alilalamika pia juu ya upepo wa jioni, na hapo namwamini kabisa, maana simama Shimo la Mungu mwezi Julai saa kumi na mbili jioni, ukitazama chini Ruvuma na Msumbiji, uone kama hutatafuta koti. Lakini sababu ya kukaa juu wazee waliijua: vichaka vilikuwa ngome dhidi ya wateka watumwa na wavamizi. Gharama yake ililipwa na wanawake. Bonde letu la Kitangari lina maji, hivyo njia nyingi za zamani zilikatwa na vichwa vyenye mitungi, zikishuka kavu na kupanda zikidondoka. Njia hizo hizo, zile zenye mteremko wa kuudhi, ndizo baadaye zilizotanuliwa zikawa barabara. Hapo ndipo tatizo la tairi lilipoandikiwa anwani.

Ng'ombe wa kuvuta mkokoteni hawakuwa jibu, ndorobo iliwamaliza. Baada ya Vita vya Pili malori yakaja kwa fujo, na kwa ajili ya karanga. Waingereza walianza ule mradi wao mwaka 1947, wakafyeka Nachingwea, wakaanza kujenga reli na bandari ya Mtwara, na mwaka 1951 wakaukunja mradi. Reli iliendelea kuhema miaka michache, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Fikiria: mkoa wa korosho ulio mbali kabisa na mji mkuu, reli imeng'olewa, na kutoka hapo kila gunia linategemea mpira. Miaka hiyo ya 1950 ndiyo pia mabomba ya mradi wa maji wa Makonde yalipobebwa kuletwa huku, ili maji ya mabondeni, yakiwamo ya Mitema hapa jirani, yasukumwe kupanda uwandani kwa mashine. Wanawake wakapumzika kidogo. Malori hayakupumzika.

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka kumi na sita, nimemaliza darasa la saba, na mjomba wangu, kaka wa mama, akanichukua niwe utingo kwenye Bedford ya muuza duka wa Newala. Kwetu mjomba akisema twende hujadiliani naye. Msimu ule, wa 1973/74, nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, rekodi iliyokaa karibu miaka arobaini bila kuvunjwa, na mimi ninaweza kusema nilizibeba zote kwa mgongo wangu.

Ubaya wa korosho ni kalenda yake. Inaokotwa kuanzia Oktoba, wakati barabara ni mchanga mkavu, na kabla magunia hayajaisha mvua zimeanza, kwa kawaida Desemba. Kwa hiyo dereva wa korosho anakutana na mabaya mawili katika msimu mmoja. Mchanga wa juu ukiwa mkavu unameza gurudumu. Mjomba alikuwa akipunguza upepo ili tairi litandike tumbo, na tukifika penye udongo mgumu nilijaza tena kwa pampu ya mkono, tairi sita, mpaka mikono ikawa haiwezi kufunga vifungo vya shati. Mvua ikinyesha, mchanga ule ule unashikana na barabara inakuwa nzuri kuliko kiangazi! Wageni hawaliamini hilo. Mahali pabaya wakati wa mvua ni kingoni, pale barabara inaposhuka kwenda mabondeni na mchanga unapokwisha, udongo mwekundu ukatokea. Udongo huo ukilowa hauna tofauti na sabuni ya mche iliyosahauliwa kwenye ndoo.

Hapo ndipo tulipofunga minyororo. Nitaieleza kazi hiyo kwa sababu waliowahi kuifanya tunakwisha. Minyororo ilikaa kwenye gunia chini ya turubai, mizito, yenye harufu ya kutu na grisi. Unaitandaza chini kama ngazi, mbele ya magurudumu ya nyuma, unainyoosha vizuri maana kiungo kimoja kikipinda kitakata mpira. Mjomba anasogeza lori polepole hadi gurudumu likanyage katikati. Kisha wewe unaingia chini, mgongo kwenye tope, unanyanyua ncha za mnyororo uzivike juu ya tairi, unavuta, unapachika ndoano ya ndani ambayo huioni bali unaipapasa tu, na ndipo ile ya nje. Ukiilegeza, itapiga bodi njia nzima kama mtu anayebomoa nyumba. Ukikosea ndoano ya ndani, mjomba hasemi kitu. Anashuka, anaangalia, anarudi kukaa, na wewe unajua.

Siku moja nilimuuliza mbona minyororo ni ya nyuma lakini matairi mapya, alipoyapata, aliyafunga mbele. Alinijibu kwa Kimakonde, na kwa Kiswahili ni kama hivi: nyuma ndiko kunakosukuma, kwa hiyo kucha ziwe nyuma, lakini nyuma wako wanne, wawili wawili, mmoja akipasuka mwenzake anabeba. Mbele kila mmoja yuko peke yake, naye ndiye anayeshika njia. Akipasuka wa mbele tunazikwa.

Maneno yale yalikuwa sahihi kabisa kwa Bedford iliyobeba tani saba, mzigo wote umekalia nyuma. Nayataja kwa sababu yalienea. Kila utingo aliyekuja kuwa dereva aliyachukua, akamfundisha utingo wake, na yakafika mpaka kwa huyu kijana wa Probox anayekunywa soda, isipokuwa sababu zilidondoka njiani likabaki agizo tupu: kizuri kivae mbele.

Mwaka 1976 nikaacha lori nikaingia ualimu kupitia mpango wa UPE, wakati serikali ilipowahitaji walimu kwa maelfu na kijana wa darasa la saba anayejua kuandika ubaoni alionekana lulu. Nilishuka kwenye lori wakati mzuri, maana haukupita muda matairi yakawa adimu kuliko sukari. Nchi ilikuwa na kiwanda chake, General Tyre pale Arusha, serikali ikiwa na hisa asilimia 74 na General Tire ya Marekani asilimia 26, na tairi lake lilikuwa tairi kweli. Lakini Arusha na Newala ni ncha mbili za nchi. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni zilikauka, na tairi likawa kitu cha kibali: unaandika barua, barua inapanda ngazi, na inarudi imechoka kuliko wewe. Malori yaliwekwa juu ya mawe. Nilimkuta mjomba mwaka 1981 akichonga tairi kipara kwa kisu cha moto, anachimba mifereji mipya kwenye mpira ambao haukuwa na unene wa kuchimbwa, hadi nyuzi zikachungulia. Tundu kubwa lilizibwa kwa kipande cha tairi kuukuu kilichowekwa ndani. Baiskeli zilijazwa majani makavu badala ya tyubu. Korosho nayo ilianguka, hadi chini ya tani 20,000 kwa nchi nzima msimu wa 1986/87. Wachumi wametaja bei, vijiji vya ujamaa vilivyowatoa watu mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga. Mimi naongeza matairi, ingawa sijaona mchumi aliyeniunga mkono.

Katika njaa hiyo hiyo ya mpira tulikuwa na wageni ambao magari yao yalitembea. Wafini walikuwa wamekuja Mtwara na Lindi tangu miaka ya 1970 kwa mradi wa maji wa mikoa hii miwili, wakichimba visima na kufunga pampu za mkono. Mmoja wao, mtu mrefu mwenye Kiswahili cha kukatakata, alizoea kusimamisha Land Rover yake shuleni kwetu apate maji ya kunywa, na wakati wa mvua alisubiri udongo ukauke kidogo. Tukakaa kibarazani. Nikamweleza habari za minyororo, naye akanieleza kwao.

Kwao, alisema, kila mwaka unavua matairi yote na kuvaa mengine, halafu baridi ikiisha unabadili tena. Nilidhani ananitania kama Mmakua. Tairi la kwanza la majira ya baridi duniani lilitengenezwa nchini mwao mwaka 1934, kwa ajili ya malori, na mwaka 1936 likafuata la magari madogo, jina lake Hakkapeliitta. Kiwanda kiko kwenye mji unaoitwa Nokia. Wakati huo jina hilo halikuniambia lolote. Miaka ishirini baadaye, nchi nzima ilipotembea na Nokia ya tochi mfukoni, nilicheka peke yangu darasani, kwa maana ni ukoo mmoja: kampuni ya mpira na ya nyaya za umeme ziliunganishwa na ya karatasi mwaka 1967, na simu zikazaliwa ndani ya nyumba iliyokuwa ikiuza viatu vya mvua na matairi.

Huyo Mfini ndiye mtu wa kwanza kunieleza juu ya gari linalovuta kwa mbele. Baba yake alikuwa na Saab. Mzee huyo, akiwa bahili, alinunua matairi ya theluji mawili tu akayafunga mbele, kwenye mvuto. "Alipanda kila mlima kama mbuzi," aliniambia. "Baba alifurahi sana. Halafu akashuka." Akachukua kiberiti changu, akakisukuma juu ya meza, akakizungusha kwa kidole mpaka sehemu ya nyuma ikatangulia mbele. Nikaelewa maneno, sikuelewa jambo. Mtu asiyewahi kuona barafu wala kumiliki gari anafundishwa nini na kiberiti?

Magari ya namna hiyo yalitufikia kidogo kidogo. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje waagize bidhaa; katika miaka ya 1990 yakaanza magari ya mtumba kutoka Japani, na tangu 1983 Corolla za kawaida zilikuwa zimehamishia mvuto mbele. Huku kusini tulichelewa kwa sababu ya Rufiji. Masika ilipoingia, kivuko na tope vilitufungia mlango miezi kadhaa. Mtu wa Newala aliyetaka kwenda Dar alikuwa na meli au subira. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003 na kupewa jina la Benjamin Mkapa, mwenzetu wa Lupaso kule Masasi, gari dogo likawa na maana. Kisha Probox, iliyoanza kutengenezwa 2002, ikaja kuwa teksi, ambulensi, gari la harusi, gari la mbuzi na gari la walimu siku ya mshahara.

Nayo iliingia na viatu vya kwao. Wajapani wa kaskazini zamani walitumia matairi ya misumari, ile mpwa wangu aliyoicheka: vyuma vidogo vilivyopandwa kwenye kashata vichome barafu. Tatizo, barafu ikiisha misumari inasaga lami, na miji yao ikajaa vumbi la barabara kiasi cha watu kuugua. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuiondoa misumari. Viwanda vilikuwa tayari na jibu. Bridgestone, kwa mfano, walitoa Blizzak mwaka 1988, tairi lenye mpira laini wenye vitundu vidogo mno vya kunyonya utando wa maji juu ya barafu, na zile chale nyembamba za kung'ata. Mpira wa tairi la kawaida unakakamaa baridi ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Huu unabaki laini. Gari linauzwa likiwa limevaa hayo matairi, linapakiwa, linateremka Dar es Salaam kwenye nyuzi 32, na dereva wetu anafurahi: matairi yanaonekana mapya!

Nimeyaona hapa kwetu yakifanya kazi, na siyabezi. Kwenye tope la mwanzo yanashika vizuri ajabu. Lakini juani yanaliwa kama chaki ubaoni, na kwenye lami yenye moto gari linayumba kama limevaa ndala. Sasa lami inakuja. Kilometa 160 za Mnivata, Newala hadi Masasi zinajengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Haipiti Kitangari. Sisi tuko kwenye njia ya Newala kwenda Mkwiti na Mtama, na udongo wetu mwekundu bado tunao.

Udongo huo ndio uliotufundisha kupanda kinyumenyume. Gari la kuvuta mbele lina injini na giaboksi juu ya magurudumu yale yale yanayovuta, kwa hiyo kwenye tope la tambarare linapita pale ambapo la kusukuma nyuma limebaki likijichimbia kaburi. Likiinua pua kupanda mlima, uzito unarudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, magurudumu yanazunguka na kupiga kelele bila kwenda. Madereva wetu wakagundua wenyewe: unaligeuza, unaingiza rivasi, unapanda kwa makalio, na sasa mvuto uko upande wa chini umekandamizwa na mzigo wote. Nimeona Probox tatu zikipanda kutoka bondeni hivyo, moja nyuma ya nyingine, madereva wametoa vichwa dirishani wakitazama walikotaka kwenda. Nyingine ilipandisha kawaida, ila abiria wawili wanene waliombwa wakae juu ya boneti. Walikubali. Nauli haikupunguzwa.

Basi kila mtu alipofikiria mvuto alifikiria kupanda. Nami nilifikiria hivyo. Mwaka 2010 nilinunua Corolla, nikiwa mmiliki wake wa kumi kama si wa kumi na mbili, na mwezi Machi 2012 nilikuwa na matairi mawili mazuri na mawili vipara. Sauti ya mjomba ikanijia, kizuri kivae mbele. Na gari linavuta mbele. Sababu mbili badala ya moja. Nikayafunga mbele. Nilipanda kwenda Newala kwenye mvua bila hata kuteleza, nikawapita watu waliokwama, nikawapungia mkono. Hilo la kuwapungia mkono linaniuma mpaka leo.

Nikarudi alasiri, nikiwa peke yangu, buti tupu. Mteremko unaoingia bondeni ulikuwa umelowa ukang'aa. Sikwenda kasi. Penye kona nikagusa breki, kugusa tu, na nikasikia kitu nilichokisikia mara ya kwanza na ya mwisho: ukimya wa nyuma. Mbele matairi yalishika, yakapunguza mwendo kama nilivyotaka. Nyuma hakukuwa na habari hizo. Uzito wote umemiminikia mbele kwa mteremko na kwa breki, nyuma gari limekuwa jepesi kama kapu, limekanyaga vipara viwili, nako kukaendelea na safari yake. Mkia ukatoka pembeni taratibu, ukanipita. Nikaiona barabara niliyoijia ikiwa mbele ya kioo. Kiberiti cha Mfini kilikuwa kinazunguka nami niko ndani.

Mkorosho ulinipokea kwa upande wa nyuma kulia. Taa, bampa na mlango wa buti, mimi sikuumia. Mwenye shamba akaja na mwavuli wa jani la mgomba, akalizunguka gari, akaangalia mti wake kwanza. "Mwalimu," akasema, "umewahi. Korosho ni Oktoba."

Lori la mjomba lilikuwa na magurudumu manne nyuma yaliyokandamizwa na magunia. Corolla yangu ilikuwa na mawili, yamebeba hewa. Agizo lilikuwa lile lile, gari si lile. Na minyororo, ukiitazama vizuri, ilikuwa ya kupandia. Mjomba kuteremka aliteremka kwa gia ya kwanza, injini ikimshika, utingo akitembea kando na kipande cha gogo mkononi tayari kukitupa chini ya gurudumu. Nililibeba gogo lile miezi mingi wala sikujiuliza lilikuwa la nini.

Haya yote nilimweleza mwenye Probox pale kijiweni, kwa ufupi kuliko hapa. Nikamwambia yafungwe manne yanayofanana, ya nchi ya joto, na haya ya barafu ayaache. Kama mfuko unaruhusu mawili tu, basi mapya yaende nyuma. Alicheka kwa adabu, akamtazama mpwa wangu kuona kama mzee ni mzima. "Shikamoo yako naipokea, mwalimu," akasema, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kuamkiwa, "lakini nyuma? Gari linavuta mbele." Akaongeza kwamba trafiki wakimsimamisha wanaangalia ya mbele kwanza, na faini ni elfu thelathini, na mengine mawili atanunua minada ya korosho ikianza. Mpwa wangu akafunga mapya mbele. Mteja ni mteja. Alichofanya ni kumchagulia nyuma yale mawili ya barafu yenye chale zilizobaki nyingi zaidi, akayajaza upepo, akagonga kila moja kwa wili spana akisikiliza mlio.

Yale mawili yaliyobaki hayakupata mtu. Fundi wa katambuga aliyapindua akayakataa, yana waya ndani, yanavunja kisu. Moja wakalilalia mbuzi. Lile la 3815 akaja kulichukua mtoto wa jirani, wa darasa la pili, na sasa linakwenda naye dukani, kisimani na shuleni, analichapa kwa fimbo kuliongoza. Jana mvua ilinyesha usiku. Asubuhi nilitoka nikaona njia yetu ya mchanga imeshikana vizuri, na katikati yake mstari mmoja wa chale ndogo za kujipindapinda, umeshuka mpaka chini kwenye udongo mwekundu, umepinda kidogo penye kona, na kando yake nyayo za peku za mtu aliyekuwa anakimbia.